Nadhiri Kabla ya Maji: Maswali ya Wasomaji kuhusu Vijana wa Kiamishi

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: kijana aliyezaliwa kwa Waamishi wa Marekani, Wakristo wanaotumia farasi badala ya magari na kuishi kwa kanuni kali za kanisa, anaamuaje kubaki au kuondoka? Tumechagua sita, nyingine tumezifupisha.

Wahariri, hamjambo. Nimesimuliwa kwamba kijana wa Kiamishi akitimiza miaka 16 hutolewa nyumbani, akaishi mjini mwaka mzima, aonje pombe na simu na magari, ndipo achague. Ni kweli au ni uzushi?

Ni uzushi uliojengwa juu ya kitu cha kweli. Kitu chenyewe kinaitwa Rumspringa, neno la Kijerumani cha Pennsylvania lenye maana ya kukimbia huku na huko. Mahali pengi huanza mtu anapotimiza miaka 16, na huisha anapobatizwa. Hakuna anayetolewa nyumbani. Kijana analala chumba kilekile, anaamka kukamua ng'ombe au anakwenda kwenye karakana ya useremala, na katika familia nyingi mshahara wake unaishia mikononi mwa wazazi mpaka atimize 21. Likumbukeni hili la mshahara, tutalirudia.

Kinachobadilika ni mwisho wa wiki. Jumapili jioni vijana hukusanyika kwenye nyumba ya familia mojawapo kuimba. Wanakaa kwenye meza ndefu, wavulana upande huu, wasichana upande ule, na tenzi zinaimbwa kwa mahadhi ya haraka kuliko asubuhi. Katika ibada ya asubuhi, wimbo mmoja tu, ule wa pili unaoimbwa kila ibada, unaweza kuchukua dakika 20. Uimbaji ukiisha, mvulana aliyekubaliwa humrudisha msichana kwao kwa kigari cha farasi. Lancaster, Pennsylvania, kigari cha kijana huwa cha wazi, hakina paa, na farasi anayekivuta mara nyingi ni yule aliyestaafishwa kwenye mashindano ya mbio.

Wapo wanaovuka mipaka, hasa kwenye makazi makubwa kama Lancaster, Holmes kule Ohio, na LaGrange na Elkhart kule Indiana. Wachache hununua gari na kuliegesha nyuma ya ghala, wengine hunywa. Lancaster vijana hujigawa katika makundi yenye majina, mengine matulivu yanayosimamiwa na wazazi, mengine ya fujo. Kwa maoni yetu kundi analoingia kijana wiki zile za kwanza lina uzito kuliko jambo lolote lingine la miaka hiyo, maana marafiki zake wakienda ubatizoni, kwa kawaida naye huenda. Kwenye makazi madogo hakuna makundi ya namna hiyo kabisa. Kuna kuimba, kucheza mpira wa wavu, na kurudi nyumbani.

Msidhani wazazi wanaridhia fujo. Mtoto yuko chini ya wazazi na mbatizwa yuko chini ya kanisa. Aliye katikati ameanza kulegezwa na wazazi, na bado hajaapa kuitii Ordnung, yaani kanuni za kanisa zinazotawala mavazi, umeme, simu na mengineyo. Kanisa haliwezi kumrudi mtu ambaye si wake. Mama anakesha akisikiliza kwato barabarani, na hana la kufanya ila kuomba.

Ndugu wahariri, naomba mnieleze ubatizo wao hatua kwa hatua. Je, mtu anaweza kujitoa katikati?

Swali hili ndilo mzizi, kwa hiyo tutakaa nalo.

Waamishi ni ukoo wa Waanabaptisti, waliobatizana wakiwa watu wazima mjini Zurich mwaka 1525 kwa sababu walikataa ubatizo wa watoto wachanga. Mwenzao Felix Manz alizamishwa katika mto Limmat Januari 1527 kwa kosa hilohilo. Mwaka 1693 kundi lililomfuata Jakob Ammann lilijitenga, nalo ndilo lililopata jina hili. Kwa hiyo uamuzi wa hiari wa mtu mzima haukuruhusiwa kwa kumhurumia kijana. Bila huo, ubatizo wao hauna maana kwao wenyewe.

Wengi hubatizwa kati ya miaka 18 na 22, wasichana mara nyingi mapema kidogo kuliko wavulana. Masomo huanza baada ya Meza ya Bwana ya majira ya kuchipua. Ibada hufanyika kila baada ya wiki mbili, kwenye nyumba za waumini, kwa hiyo vipindi 9 hujaza muda wote wa kiangazi. Mafundisho ni vifungu 18 vya Ungamo la Dordrecht, tamko lao la imani la mwaka 1632, viwili kila kipindi. Kusanyiko likianza wimbo wa kwanza, wahubiri huinuka na kwenda kwenye chumba cha pembeni, mara nyingi ghorofani, na wanaotaka kubatizwa huwafuata kwa mstari. Kila mtu anaona nani kainuka. Mama aliyekuwa anasubiri miaka minne anamwona mwanawe akisimama.

Kujitoa kunawezekana mpaka mwisho. Jumamosi ya kabla ya ubatizo wahubiri huwaita vijana na kuwaambia wazi kwamba bado wanaweza kurudi nyuma. Hutumia maneno ya kitabu cha Mhubiri katika Biblia, sura ya 5: heri mtu asiweke nadhiri kuliko kuiweka asiitimize. Wavulana huulizwa pia kama watakubali kazi ya uhubiri iwapo kura itawaangukia. Swali hilo si la kupita tu. Mhubiri hupatikana kwa kura: vitabu vya nyimbo hupangwa mezani, kimoja kina kipande cha karatasi chenye mstari wa Biblia, na kila aliyependekezwa huchagua kitabu. Karatasi ikiwa kwako, utahubiri maisha yako yote bila mshahara. Kijana wa miaka 19 anakubali hilo kabla hajawa na ndevu, ambazo kwao ni alama ya mwanamume aliyeoa.

Siku yenyewe wanakaa wameinamisha vichwa. Wanapiga magoti, wanaulizwa: je, unamkana shetani, dunia na mwili wako? Unajitoa kwa Kristo na kanisa lake? Utaitii Ordnung na kusaidia kuilinda? Msichana huvuliwa kofia yake. Askofu hukinga viganja juu ya kichwa, shemasi humimina maji kutoka kikombe kidogo mara tatu, kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kisha askofu humshika mkono, humwinua, na kumpa busu la amani. Wasichana hupewa na mke wa askofu.

Panapoharibika ni kwenye sababu ya kuingia darasani. Kubwa ni ndoa. Hakuna harusi ya Kiamishi bila wote wawili kubatizwa. Lancaster ubatizo huwa kabla ya Meza ya Bwana ya vuli, na msimu wa harusi unafuata baada yake, Novemba ndiyo kilele chake, siku za Jumanne na Alhamisi. Kijana anayetaka kuoa Novemba lazima awe ameinuka kwenye wimbo ule wa Mei. Wengine huingia kwa sababu kundi zima limeingia, au mzazi anaumwa. Ushauri wetu kwa kijana yeyote: jaribu kulijibu swali la tatu, la Ordnung, kwa sauti, ukiwa peke yako zizini. Kama la kwanza na la pili yanatoka na la tatu linakwama, subiri kiangazi kijacho. Utaulizwa maswali, utaonewa huruma, wengine watakununia, lakini hakuna adhabu ya kanisa kwa aliyesubiri.

Shikamooni. Kuna tofauti gani kati ya anayeondoka kabla ya ubatizo na anayeondoka baadaye? Mbona wengine hutembelea kwao na wengine hawakanyagi?

Marahaba. Tofauti ni mbingu na ardhi, ingawa nguo walizovaa siku ya kuondoka ni zilezile.

Asiyebatizwa hajavunja nadhiri. Atahuzunikiwa, pengine atahubiriwa kila akija, na baba mkali anaweza kumfungia mlango, lakini kanisa halimtengi. Aliyebatizwa akiondoka ameivunja. Shemasi na mhubiri humtembelea kwanza, zaidi ya mara moja. Asipogeuka, waumini wenyewe huulizwa kauli yao, na akiondolewa ushirikani, kinachofuata ni kule kuepukwa kunakoitwa Meidung. Msingi wake ni 1 Wakorintho 5:11 na kifungu cha 17 cha Dordrecht.

Kwa vitendo, waumini hawali naye meza moja, hawapokei kitu kutoka mkononi mwake, hawafanyi naye biashara wala kupanda gari analoendesha. Kusema naye inaruhusiwa. Kumsaidia akiumwa inaruhusiwa, tena ni wajibu. Katika familia nyingi mama hutenga meza mbili zilizoachana kwa upana wa vidole vichache, kisha hutandika kitambaa kimoja juu ya zote. Kanuni imetimizwa, na mwanawe amekula nyumbani. Mwana akitaka kulipa deni, huziweka noti mezani, akaondoa mkono, ndipo baba azichukue.

Ukali unatofautiana. Baadhi ya makanisa humwepuka mtu mpaka arudi kwenye kanisa lilelile alilolikosea. Mengine huondoa adhabu akijiunga kwa uaminifu na kanisa jingine linalokataa vita, kama la Wamenoniti, tawi jingine la Waanabaptisti. Kijana aliyebatizwa na sasa anayumba ni lazima ajue kanisa lake liko upande upi kabla hajafunga mzigo.

Wapendwa, tunaishi Indiana na tumempokea kijana wa miaka 18 aliyeondoka kwa wazazi wake. Hajabatizwa. Hana karatasi yoyote, wala namba ya hifadhi ya jamii, na hajui pa kuanzia. Tumsaidieje?

Mungu awabariki kwa kumfungulia. Fuateni mpangilio huu, kwa sababu kila karatasi hudai nyingine.

Anzeni na cheti cha kuzaliwa. Kabla ya kwenda ofisi yoyote, mwambieni aandike barua nyumbani na kuwaomba wazazi wake kwa heshima. Si kila mzazi atakataa, na mara nyingi cheti kimo kwenye droo pamoja na hati za shamba. Wakikataa, kinaombwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za vizazi ya jimbo alikozaliwa. Ofisi hizo hutaka kitambulisho, naye hana, kwa hiyo ulizeni moja kwa moja ni hati zipi mbadala wanazokubali. Kama alizaliwa nyumbani na kizazi hakikuandikishwa, kuna uandikishaji wa kuchelewa. Tafuteni mkunga, daftari lake, na rekodi za shule ya Kiamishi alikosoma mpaka darasa la 8.

Pili ni namba ya hifadhi ya jamii, ile ya serikali ambayo michango ya pensheni ya mtu huandikwa kwayo; huombwa kwa fomu SS-5, bila malipo. Mwombaji mwenye miaka 12 au zaidi lazima afike mwenyewe kuhojiwa, na atapaswa kuonyesha kwamba hajawahi kuwa na namba. Asiombe kwa kubahatisha. Amuulize mama kwanza, maana Waamishi wengine huwaombea watoto wao. Hapa vijana wa Kiamishi hukwama kwa sababu isiyowakuta wengine: asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kuleta rekodi ya kanisa iliyoandikwa kabla hajatimiza miaka 5, lakini Waamishi hawabatizi watoto, kwa hiyo rekodi hiyo haipo. Tumieni ya hospitali kama ipo. Kitabibu, kadi ya chanjo au faili la daktari husaidia kuthibitisha yeye ni nani.

Tatu ni kitambulisho chenye picha. Kwao picha imekatazwa, na kijana anaweza kuona aibu au hofu mbele ya kamera hata baada ya kuondoka. Msimkimbize. Mwache aende siku aliyoichagua.

Kwa kazi, mwajiri atajaza fomu I-9, inayothibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, na kijana ana siku 3 za kazi kuonyesha hati zake. Anayetoka karakana ya Kiamishi huenda hajawahi kukatwa mchango wa hifadhi ya jamii. Sheria ya 1965 iliwasamehe Waamishi waliojiajiri, na mwaka 1988 msamaha ukafika kwa Waamishi walioajiriwa na Waamishi wenzao. Nje ya hapo atakatwa. Mwelezeni kwamba si wizi: pensheni inahitaji alama 40, na kwa mwaka mtu hapati zaidi ya 4, kwa hiyo ni miaka 10 ya kazi.

Masomo: mtihani wa GED, unaompa mtu cheti kinacholingana na cha sekondari, una karatasi nne, hisabati, lugha, sayansi na elimu ya jamii, na kupita ni alama 145 kwa kila moja. Kiingereza cha kusoma kwa kawaida ni kizuri, kwa kuwa ndicho lugha ya shule yao. Aljebra na sayansi ndizo zinazowaangusha, si kwa uzito wa akili bali hawakufundishwa. Aanze na hizo mbili.

Sasa lile la mshahara. Aliyekuwa akiwapa wazazi mapato yake mpaka 21 anaondoka na pesa kidogo sana, na hajawahi kupanga bajeti yake. Kosa la kwanza la wengi ni kununua gari kwa mkopo. Hana historia ya mikopo, kwa hiyo riba inakuwa ya kuumiza, na miezi michache baadaye gari linachukuliwa. Aishi karibu na kazi, apande baiskeli, aweke akiba kwanza.

Na Jumapili msimwache peke yake. Siku ya kazi mikono yake ina la kufanya. Jumapili jioni, saa za kuimba, ndipo wengi hujikuta wamerudi barabarani kuelekea kwao.

Angalizo moja: huyu ana 18. Angekuwa na 16 au 17, wazazi wangekuwa bado na haki juu yake kisheria, na kumficha kungewaletea matatizo ninyi. Kwa mtoto wa umri huo muoneni mwanasheria siku ileile.

Je, kuacha shule darasa la 8 si kumfunga kijana ili asiweze kuondoka?

Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Mei 15, 1972, katika kesi ya jimbo la Wisconsin na Jonas Yoder. Wazazi watatu wa New Glarus walitozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto sekondari, nao wakashinda kwa misingi ya uhuru wa dini. Jaji Douglas alipinga sehemu ya uamuzi: aliuliza kwa nini watoto wenyewe hawakusikilizwa, kwa kuwa mmoja tu kati ya watatu alitoa ushahidi. Tunaona swali lake bado lina haki ya kujibiwa. Lakini tusidhani shule peke yake ndiyo kamba. Zaidi ya vijana 85 kati ya 100 hubaki, na makundi makali zaidi ndiyo hupoteza wachache zaidi. Kijana wa miaka 18 tayari ana ufundi, ana lugha ya kwao, ana watu mia watakaofika kujenga ghala lake likiungua. Wengi wanabaki kwa sababu wanayapenda hayo.

Aliyeondoka akitaka kurudi, anapokelewa? Na hakuna njia ya katikati?

Njia ya katikati ipo, na wengi huifuata. Waamishi wa Beachy, waliojitenga Somerset, Pennsylvania, mwaka 1927, wanaendesha magari na kutumia umeme lakini wanavaa kwa kiasi na kubatiza watu wazima. Makanisa ya Kimenoniti yako mengi karibu na makazi yote makubwa. Kwa ambaye hajabatizwa, kuhamia huko hakuvunji nadhiri yoyote, na wazazi wengi huona afadhali.

Kurudi kunategemea lilelile la maji. Asiyebatizwa hurudi tu. Ataachana na gari, atavaa nguo za kwao, na kiangazi kikifika atainuka kwenye wimbo wa kwanza na wenzake, pengine akiwa mkubwa kuliko wote darasani. Aliyetengwa hupiga magoti mbele ya kusanyiko na kukiri, kisha askofu humshika mkono na kumwinua, kama alivyomwinua siku ya ubatizo. Baada ya hapo kosa halitajwi tena, na mchana huo, chakula cha baada ya ibada kikiandaliwa, anakaa meza moja na watu wake.